Zamu ya Kwetu, Ng'ambo ya Mchanga

Mtu akiniuliza kwa nini siku hizi ninakimbia peke yangu, humwambia kwamba napenda utulivu. Ni uongo. Mimi ni mtu wa maneno, na kilomita tano bila mwenzangu wa kusengenya naye ni adhabu. Ninakimbia peke yangu kwa sababu ya Jumamosi moja ya mwezi wa nane, na nitaieleza kama ilivyokuwa, hata pale ambapo mimi mwenyewe sionekani vizuri.

Nina kibanda cha kushona sare za shule pale sokoni Matiliku. Ukuta wangu wa kushoto ni mabati, na nyuma ya mabati hayo ilikuwa saluni ya rafiki yangu. Tulikuwa tunaongea kupitia ukuta siku nzima, mimi nikikanyaga cherehani, yeye akisuka, na wateja wake walishazoea kujibiwa na mtu wasiyemwona. Nilikuwa nimemshonea sketi ya harusi ya dada yake, nilikuwa nimechimba mitaro shambani kwake, na siri zangu tatu kubwa alikuwa nazo yeye. Kwa hiyo ninaposema rafiki, simaanishi mtu wa kusalimiana naye tu.

Kanisani palitangazwa mbio za kilomita ishirini na moja ambazo zingefanyika Kitui mwezi wa tisa. Rafiki yangu alijiandikisha, na kwa sababu yeye alijiandikisha, mimi nikajiandikisha, na kwa sababu sisi wawili tulisimama, wengine tisa wakaona aibu kukaa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyekuwa amekimbia tangu shule, isipokuwa kukimbilia gari au mbuzi.

Hatukujua mtu huongeza vipi kilomita. Tulichojua ni mwethya. Huku kwetu ukitaka kuchimba mitaro ya kuzuia maji shambani, ile ya fanya-juu, huichimbi peke yako. Unaingia kikundi: wiki hii wanawake wote wanachimba kwako, wiki ijayo kwa mwingine, mpaka kila mmoja azungukiwe. Mwenye shamba hupika. Na hakuna anayeruka zamu ya mwenzake, kwa maana jasho alilomwaga kwako ni lake, wewe unamshikia tu mpaka siku yake ifike.

Basi tukakimbia hivyo hivyo. Kila Jumamosi asubuhi tulianzia kwenye posho mill, kinu cha unga pale sokoni, tukakimbia mpaka nyumbani kwa mmoja wetu, na mwenye nyumba akatupikia. Mume wa rafiki yangu alipima umbali wa nyumba zote kwa pikipiki, na tukazipanga kuanzia ya karibu mpaka ya mbali. Mtu aliyesomea michezo angecheka mpaka alie. Kati ya nyumba ya nne na ya tano hakukuwa na mwanachama hata mmoja, kwa hiyo tuliruka kutoka kilomita sita hadi tisa kwa wiki moja, na kesho yake kanisani nusu yetu tulishindwa kusimama wimbo ulipoanza. Nyumba ya sita ilikuwa juu ya mlima. Nyumba ya saba mwenyewe alitupikia chapati na mbuzi, tukala tukavimba, na wote tukarudi sokoni kwa bodaboda tukiwa tumelala mgongoni mwa dereva. Sidhani kama kuna aliyepungua hata kilo.

Lakini miguu ilikubali. Wiki ya kwanza nilidhani moyo utatokea mdomoni kabla hatujafika kanisa la pili. Kufikia wiki ya nane nilikuwa nakimbia huku nasimulia habari ya mteja aliyeleta kitambaa cha suruali moja akitaka mbili. Sikukosa Jumamosi hata moja. Nilikimbia na homa kwenda kwa mwenzetu mmoja, mwalimu wa chekechea. Nilikimbia na mwiba kwenye kisigino kwenda kwa shangazi yake, naye mwanachama. Nyumba ya tatu, ambayo ni ya rafiki yangu, nilikimbia, nikala, nikaosha vyombo vyote pamoja na masufuria, wengine wakiwa wamejinyoosha kivulini.

Kwetu kulikuwa mwisho. Kilomita kumi na sita: unaacha lami, unafuata barabara ya vumbi, unavuka mto ambao miezi mingi hauna maji ila mchanga tu, mpana na mwororo, halafu unapanda. Hiyo ndiyo ingekuwa mbio yetu ndefu kuliko zote kabla ya Kitui. Rafiki yangu ndiye aliyesema, mbele ya wote, kwamba atakayefika kwetu Kitui atafika akipiga mluzi.

Na kwetu ni kwa mama. Wiki nzima mimi hulala sokoni nyuma ya kibanda, na Jumamosi narudi nyumbani kwake. Mama alianguka kisimani miaka michache iliyopita akavunjika nyonga, na tangu hapo anatembea kwa fimbo na hawezi kuvuka ule mchanga. Kanisa liko ng'ambo. Mwanzoni watu wa kanisa walikuja kumwombea, wakapungua, wakaisha. Mama hakulalamika. Alichofanya ni kunihoji. Kila Jumamosi nilipofika nimechoka alitaka kujua tumekimbia kwa nani, mwenye nyumba alipika nini, boma lake liko vipi, ana ng'ombe wangapi. Alikuwa anawajua wale wanawake wote bila kumwona hata mmoja, na zaidi ya wote rafiki yangu, maana habari zake hazikuisha mdomoni mwangu.

Tangu wiki ya tano mama alianza kujitayarisha kwa zamu yetu. Alinituma vikombe kumi vya udongo vyenye maua, kwa sababu vya plastiki vilivyokuwepo alisema ni vya watoto. Alimwomba jirani apake ukuta wa mbele chokaa. Wiki ile yenyewe alitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, kwa mikono yake akiwa ameketi, siku mbili mfululizo, kwa sababu ya kununua hayana ladha. Nilimwambia apumzike. Akaniambia watu kumi hawajawahi kuja kwake kwa miguu yao tangu mazishi ya baba.

Ijumaa nilifunga kibanda mapema nikaenda nyumbani kumsaidia. Tulikubaliana kwamba wenzangu watatoka sokoni saa kumi na mbili na nusu, na mimi nitawapokea mtoni na maji, nikimbie nao ile sehemu ya mwisho. Nilipokuwa nafunga mlango rafiki yangu aliniambia kupitia mabati, "Kesho mwambie mwaitu asiweke chumvi mob, mimi niko na pressure." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na mama wa mmoja huitwa hivyo na wote. Nilicheka njia nzima. Baadaye nilikuja kujua kwamba wakati anasema maneno hayo tayari alijua tangu Jumatano kwamba hawaji.

Jumamosi hiyo nilikuwa mtoni saa mbili kasorobo na mtungi wa lita ishirini. Nilikaa kwenye mchanga. Saa mbili na nusu nikadhani wamechelewa kutoka, maana kuna mmoja hawezi kutoka bila kuoga. Saa tatu nikadhani mtu ameumia. Kule mtoni simu haishiki, kwa hiyo nilipanda na mtungi wangu kilima kidogo cha jirani ambapo mtandao hupatikana ukisimama karibu na mti wa mgunga, na simu ikaanza kulia mfululizo.

Palikuwa na picha kwenye grupu letu la WhatsApp. Wenzangu wote kumi, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya tenti, sahani mapajani, wanacheka. Niliijua ile tenti. Ni ya mwenzetu mmoja ambaye nyumba yake iko kando ya lami, nyumba ya pili, tambarare kabisa, tulikokwishakwenda wiki ya pili. Walikimbia wakapita, wakageuka, wakarudi wakala kwake. Rafiki yangu alikuwa katikati ya picha akishika paja la kuku. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika, "Si hapa, tuma kwa ile ingine." Kabla sijamaliza kusoma, picha ikafutwa, na maandishi yakafutwa.

Ile ingine. Nilisimama pale kilimani nikiyarudia maneno hayo mpaka yakapoteza maana. Kumbe kulikuwa na grupu mbili, moja ya kuzungumza nami na nyingine ya kuzungumza. Sikulia. Nilikasirika, nikataka kuutupa mtungi, halafu nikakumbuka kwamba ni wa mama. Nikaubeba kama ulivyokuwa, umejaa, nikapanda nao.

Mama alikuwa langoni, amefunga kile kitambaa cheupe cha kanisani ambacho hajakifunga kwa miaka. Alitazama nyuma yangu kwanza, ndipo akanitazama mimi. Aliniuliza wako wapi.

Hapa ndipo ninapotaka kujitetea na sina la kusema. Ningeweza kumwambia. Badala yake nilisema kwamba rafiki yangu ameanguka njiani akateguka mguu, na wenzake wamemrudisha sokoni, na safari imeahirishwa. Uongo ulitoka wenyewe, laini, na ulikuwa na kila kitu. Nilijiambia namlinda mama. Kwa kweli nilikuwa nalinda uso wangu, kwa sababu kwa wiki kumi nilikuwa nimewasifu watu hao mbele yake, na sikutaka anione mjinga.

Mama alisema masikini mtoto wa watu. Akaingia ndani, akashika kitanda, akapiga magoti, jambo ambalo daktari alimkataza kabisa, akauombea ule mguu. Aliomba kwa muda mrefu. Tulikula muthokoi mchana huo na jioni, na majirani wakala, na Jumatatu nilibeba mwingine sokoni kwenye bakuli.

Siku hiyo ya Jumatatu rafiki yangu alikuja mwenyewe mlangoni, si kupitia mabati. Nadhani mtu alimwambia kwamba niliiona picha. Alisimama akichezea tepu yangu ya kupimia.

"Hiyo njia yenu iko na mchanga mingi," akasema. "Watu waliogopa kuumia na race imekaribia. Tulikuwa tunatafuta venye tutakuambia."

Nilimuuliza walianza kutafuta lini. Akaendelea kuivuta tepu. Nikamuuliza ile grupu ingine ilianzishwa lini, na hapo akasema ukweli, nampa hilo: wiki ya sita, baada ya ile nyumba ya mlimani, watu walipoanza kuhesabu nyumba zilizobaki na kuona ya mwisho ni ipi. Kwa hiyo kwa wiki tano nilikuwa nimewakimbilia, nimewaoshea vyombo, nimewachekesha njiani, na wote kumi walikuwa wanapanga bila mimi. Wangekuwa wamenichukia ningeelewa. Hawakunichukia hata kidogo. Ni mchanga tu. Mama yangu ameuvuka mchanga ule maisha yake yote akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na watu wazima wenye raba mpya walishindwa kuuvuka mara moja.

Nilimwambia arudishe tepu yangu. Tangu siku hiyo ukuta wa mabati ulikuwa kimya, na kazi zangu ziliharibika, maana sikuwa nimejua ni kiasi gani huwa nashona kwa kufuata sauti yake.

Fulana za zambarau za kikundi zilikuja. Yangu aliniwekea juu ya cherehani ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Sikuifungua. Wiki mbili zilizobaki nilikimbia peke yangu ile njia ya kwetu, mchanga na mlima, kwenda na kurudi nusu, nikiwa na hasira ya kutosha kuendesha lori. Wao walikodi gari kwenda Kitui. Mimi nilitangulia kwa mama mdogo wangu huko Kabati, nikalala kwake, na asubuhi nikasimama mstarini nimevaa blauzi ya kufundishia Sunday school.

Jua la Kitui halina huruma na lami yake inalirudisha usoni. Kwa kilomita kumi na mbili niliziona fulana za zambarau mbele yangu, kisha zikaanza kuja moja moja. Karibu na kilomita ya kumi na tano, penye mwinuko, nilimkuta rafiki yangu anatembea, mkono kiunoni, midomo imekauka. Aliniita kwa jina langu la utani, lile analolijua yeye tu.

"Ningoje kidogo," akasema.

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, na nusu yake ilikuwa bado. Nikampita. Nilifurahi sana kumpita, sitadanganya, na furaha hiyo ilinibeba mpaka mstari wa mwisho na kuniacha pale pale. Walinivalisha medali. Niliangalia huku na huku nimwonyeshe mtu.

Nyumbani, mama hakuwa ameachana na ule mguu. Kila Jumamosi nilipofika aliniuliza yule mtoto anaendeleaje. Nilimpa habari: umevimba, umepungua, ameanza kukanyaga. Nilipoulizwa alikimbiaje Kitui nikasema hakukimbia, alikaa kando akitushangilia. Kila Jumamosi mama alivitoa vile vikombe kumi, akavipanguza vumbi, akasema labda wiki ijayo. Kisha aliomba, kwa magoti, nami nikiwa nimesimama nyuma yake nimeshika fimbo yake.

Jumamosi ya saba, mwezi wa kumi, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya kilima cha Nzaui, tulikuwa nje mimi na mama tukichambua mbaazi. Nikamwona mtu anapanda kutoka mtoni. Alikuwa anakimbia, ikiwa hilo linaweza kuitwa kukimbia. Fulana ya zambarau. Mchanga mpaka magotini. Kilomita kumi na sita, peke yake.

Alifika langoni akasimama, hakuingia. Mimi sikuinuka. Mama ndiye aliyeinuka, akaipapasa fimbo, akamwita aingie, akamuuliza yeye ni nani. Aliposema, mama alimshika mikono yote miwili.

"Mguu umepona?" mama akamuuliza.

Rafiki yangu alinitazama. Nikainamia ungo wangu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kila kitu: kwamba kuna uongo, kwamba ni wangu, na kwamba nilimkinga yeye hata nilipokuwa simwongeleshi.

"Umepona, mwaitu," akasema.

"Ulikuwa upi?"

Yeye akasema wa kushoto na mimi nikasema wa kulia, kwa pamoja.

Mama aliutazama mguu mmoja, kisha mwingine. Alimkalisha kwenye kigoda, akaniagiza mafuta ya mbarika, akamvua raba zote mbili, akakung'uta mchanga, akamkanda miguu yote miwili, polepole, kuanzia vidole mpaka gotini. Rafiki yangu akaanza kulia. Hakujifuta. Mama aliendelea kukanda. Nilienda jikoni nikakoroga uji, nikamletea katika kikombe kimoja cha maua, akaunywa wote, na mama akambariki akamwambia asikimbie kurudi, atembee.

Nilimsindikiza mpaka ukingo wa mchanga kwa sababu mgeni husindikizwa. Pale mtoni akasema, "Pole. Kwako na kwa mwaitu." Nikamwambia nimesikia. Sikusema zaidi ya hapo, na mpaka leo sijasema. Mwezi uliofuata alihamisha saluni.

Niliporudi mama alikuwa ameketi pale pale, chupa ya mafuta mapajani.

"Mguu ule haujaumia hata siku moja," akasema. "Hawakutaka kuja."

Nikasema ndiyo, hawakutaka.

"Kwa nini?"

"Mchanga."

Aliutazama mto. Nilianza kumweleza juu ya grupu mbili, na picha, na tenti, nikipandisha sauti, nikiwataja mmoja mmoja na siku niliyokimbia kwake, na nilikuwa nimefika kwa mwalimu wa chekechea aliponikatiza.

"Wale siwajui," akasema. "Wewe nimekuzaa. Umeniona nikipiga magoti na nyonga hii wiki saba, nikiombea mguu mzima, na umesimama nyuma yangu ukisema amina."

Nilikuwa nimesema amina. Kila Jumamosi nilikuwa nimeisema, kwa sauti, ili asikie.

Aliniambia nirudishe vikombe kabatini. Nikavibeba viwili viwili, nikavipanga, na nilipotoka nje alikuwa amejiinua mwenyewe bila kuniita nimshike, ameshaingia chumbani kwake, na mlango umefungwa.